Ulinganisho: Njia za kutengeneza nyumbani stika za maji zenye herufi nyeupe kwa mabehewa ya mfano

BehewaJeusi

Salaam, wanachama wenzangu. Ninajenga msafara wa mabehewa ya makaa ya mawe ya Norfolk and Western, kampuni ya reli ya Marekani, katika kipimo cha 1:87 (mfano ni mdogo mara 87 kuliko behewa halisi), kama yalivyokuwa miaka ya 1950, yalipokuwa yakiteremsha makaa kutoka machimbo ya Pocahontas hadi bandari ya Norfolk, Virginia. Mabehewa hayo yalipakwa rangi nyeusi na kuandikwa kwa nyeupe: jina la kampuni, namba, uzito wa behewa likiwa tupu, mzigo linaoruhusiwa kubeba, na kituo lilikopimwa upya pamoja na mwezi na mwaka. Stika za maji, yaani utando mwembamba wenye maandishi unaoloweshwa ili uteleze kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye behewa, zipo dukani, lakini karatasi moja huja na namba chache, na msafara wenye mabehewa matatu ya namba ileile humkera kila anayezifahamu reli hizo.

Kikwazo tunakijua sote. Printa ya kawaida, iwe ya wino au ya leza, haina rangi nyeupe, kwa kuwa imeundwa kutegemea weupe wa karatasi. Ukiagiza herufi nyeupe kwenye karatasi ya stika iliyo angavu (ambayo utando wake hauna rangi), hakuna kinachotoka. Naomba tulinganishe njia zilizopo kwa kuangalia mambo mawili: kwanza weupe uzibe kabisa weusi ulio chini yake, na pili maandishi madogo yasomeke. Herufi ya inchi 3 kwenye behewa halisi haifiki hata milimita 1 katika kipimo hiki.

FundiKilindini

Ndugu BehewaJeusi, kwa kuwa mabehewa yako ni meusi, usiidharau njia iliyo rahisi kuliko zote, ambayo ni karatasi ya stika nyeupe. Unachapa eneo lote kwa rangi nyeusi na kuziacha herufi bila wino, hivyo weupe unaouona ni wa karatasi yenyewe, na hakuna rangi ya chini inayoweza kupenya. Printa yoyote ya leza inatosha. Ukitumia printa ya wino, ni lazima uipulizie karatasi vanishi na kuiacha ikauke vizuri kabla haijagusa maji, la sivyo wino utayeyuka.

Tatizo liko kwenye kingo, kwa sababu popote wembe unapopita huachwa mstari mwembamba mweupe. Mabehewa ya makaa yenye mbavu za nje yanasaidia sana hapa: kata stika iishie pale bamba linapokutana na ubavu, kisha pitisha brashi yenye rangi nyeusi kwenye pembe hiyo, na mstari hautaonekana. Weusi wa tona (unga wa rangi wa printa ya leza) nao hautofautiani sana na rangi ya behewa ukishapuliza vanishi isiyong'aa juu ya vyote. Kwa mabehewa mekundu ya Pennsylvania Railroad nisingeishauri njia hii hata kidogo, kwa maana wekundu ule wa kutu ni mgumu mno kuufananisha kwa printa, na kiraka huonekana tangu mlangoni.

ReliYaRoanoke

Mimi naishi Ohio, na hapa wengi wetu tumehamia kwenye tona nyeupe. Zipo printa za leza zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama vile OKI C711WT, ambayo nafasi ya tona nyeusi imechukuliwa na nyeupe. Pia kuna katriji za Ghost, kutoka Ujerumani, unazoweza kuzipachika mahali pa katriji nyeusi katika baadhi ya printa za rangi za HP. Unachapa kwenye karatasi angavu, kwa hiyo hakuna kiraka cha kufananisha, na ukibadilisha namba kwenye kompyuta behewa linalofuata linapata namba yake.

Kuhusu usomekaji, printa ya nukta 600 kwa inchi huipa ile herufi ya inchi 3 takriban nukta 20 kwa kimo, na hizo zinatosha kutofautisha 3 na 8. Katika kipimo cha 1:160 zinabaki kama 11, na hapo nafasi za ndani ya herufi huanza kuzibika. Kuhusu kuziba rangi ya chini, nasema wazi kwamba safu moja ya tona nyeupe juu ya weusi huwa na ukijivu kidogo. Kwa behewa la makaa lililochakaa kazini ukijivu huo unafaa, lakini kwa behewa lililotoka kiwandani jana hautoshi.

MzeeWaUtepe

Wanangu, msizisahau printa za Alps za miaka ya 1990, hasa MD-1000 na MD-5000. Zinatumia utepe badala ya wino wa maji: kichwa chenye joto huyeyusha rangi na kuibandika kwenye karatasi, na utepe mweupe upo. Faida yake kubwa ni kwamba mashine inaweza kupitisha nyeupe mara mbili mahali palepale bila herufi kupishana, na weupe wa safu mbili unaziba rangi ya chini kuliko tona.

Hata hivyo, simshauri anayeanza leo aitafute. Kampuni iliacha kuzitengeneza, tepe zilizobaki zinazeeka, na kichwa kikiharibika hakuna pa kukipata. Rangi yake nayo hukwaruzika upesi mpaka ifunikwe kwa vanishi.

DadaSkrini

Ninachapa fulana Dar es Salaam, kwa hiyo nitasema upande ninaoufahamu. Hakuna weupe unaozidi ule wa skrini, yaani wavu wenye mchoro ambao wino husukumwa kupitia humo, kwa kuwa wino huo ni mzito. Lakini skrini moja hubeba mchoro mmoja, na Ndugu BehewaJeusi anataka namba tofauti kwa kila behewa. Skrini ingemfaa kwa jina la kampuni pekee.

Plota, mashine inayokata stika kwa kisu kinachoongozwa na kompyuta, pia inatajwa sana. Unapuliza nyeupe kwanza, unabandika herufi za vinili, unapuliza nyeusi juu yake, kisha unazibandua. Matokeo ni mazuri kwa herufi kubwa, ila kwenye herufi za milimita 1 vinili hujikunja chini ya kisu.

Njia ya mwisho ni ya karatasi ya foili nyeupe: chapa herufi nyeusi kwa leza kwenye karatasi ya stika, weka foili juu, upitishe vyote kwenye mashine ya laminesheni. Joto hulainisha tona nayo huishika foili. Weupe wake ni wa kuridhisha, ila herufi ndogo hutoka na kingo zilizochanika.

BehewaJeusi

Nawashukuru sana. Naona nitumie tona nyeupe kwa maandishi yote ya uzito na tarehe, na karatasi nyeupe ya FundiKilindini kwa mabamba yenye jina la kampuni. ReliYaRoanoke, katriji nyeupe ikikaa mahali pa nyeusi, faili liandaliwe vipi?

ReliYaRoanoke

Herufi zote ziwe nyeusi tupu, na uiamuru printa ichape kwa nyeusi peke yake. Ukiiacha kwenye hali ya rangi, huenda ikaunda weusi kwa kuchanganya samawati, majenta na njano, na herufi zako zikatoka na madoa ya rangi. Hakikisha pia karatasi ni ya leza, kwani ile ya printa za wino inaweza kuyeyuka na kugandia kwenye roli la joto, na printa ikaharibika. Kwa kuwa nyeupe haionekani vizuri kwenye karatasi ya stika, chapa alama ndogo za kukatia kwa samawati pembeni mwa kila kundi la herufi, kwa kuipitisha karatasi kwenye printa mara ya pili.

Kabla ya kubandika, puliza behewa vanishi inayong'aa. Rangi isiyong'aa ina vinyweleo vinavyonasa hewa chini ya stika, na hewa hiyo ndiyo inayoleta mng'ao wa fedha kuzunguka herufi. Paka Micro Set (kimiminika cha kusaidia stika ishike) mahali pa kubandika, telezesha stika, kisha paka Micro Sol (kimiminika cha kuilainisha) ili ilale juu ya riveti. Ikijikunjakunja wakati huo usiiguse, itanyooka yenyewe inapokauka. Kiputo kikibaki, kichome kwa ncha ya sindano na uongeze tone jingine la Micro Sol.