Tupeane uzoefu: unapimaje ubora wa safu ya warushaji katika kriketi ya Testi?

Mshono Wima (mwenye mada)

Wakuu, ubishi wa safu bora ya warushaji wa Testi (mechi za kimataifa za hadi siku tano) huishia kwenye majina. Huyu anataja West Indies ya Marshall, Holding na Garner, yule Australia ya McGrath na Warne, mwingine anakuja na Starc, Cummins, Hazlewood na Lyon. Hapa naomba tuweke njia za kupima: unaangalia nini, unakokotoaje, na wapi watu wanakosea.

Naanza na hesabu, maana ndiko makosa mengi yanakoanzia. Watu wanachukua wastani wa kila mrushaji, yaani mikimbio (alama) anayotoa kwa kila wiketi (mpigaji anayemtoa), wanajumlisha, wanagawa kwa wanne. Hapo hakuna jibu. Mrushaji mwenye wiketi 300 kwa wastani wa 22 na chipukizi mwenye wiketi 10 kwa wastani wa 40, ukigawa hivyo unapata 31. Sahihi ni mikimbio yote waliyotoa igawanywe kwa wiketi zote: 6,600 jumlisha 400, gawa kwa 310, unapata 22.6 hivi. Hizo ni safu mbili tofauti kabisa.

Pili, wastani peke yake unaficha muda. Dale Steyn alimaliza na wiketi 439 kwa wastani wa 22.95, Glenn McGrath 563 kwa 21.64. Ukiishia hapo McGrath yuko mbele. Lakini Steyn alihitaji mipira 42.3 kwa kila wiketi, McGrath 51.9. Kwa wiketi 20 zinazohitajika kushinda mechi, tofauti hiyo ni mipira 192, yaani ova 32 (ova moja ni mipira sita), zaidi ya theluthi ya siku nzima. Kwenye mechi iliyoliwa na mvua, hizo ova 32 ndizo zinazoamua ushindi au sare. Upande wa pili, kapteni mwenye McGrath anaweza kuweka watu wengi karibu na mpigaji bila hofu, kwa sababu mikimbio haivuji. Kwa hiyo mimi nasoma vipimo vitatu pamoja: mikimbio kwa wiketi, mipira kwa wiketi, mikimbio kwa ova.

Ova ya Sitini

Umeanza vizuri mkuu, ila safu haipimwi na wanaofungua mpira mpya. Karibu kila timu ya Testi ina mtu wa kutisha kwenye ova 10 za mwanzo. Mpira mpya wa pili hauruhusiwi kabla ya ova 80 kupita. Swali ni nani anashika mpira kuanzia ova ya 30 hadi ya 80, mshono (nyuzi zinazouzunguka mpira) umelala, mng'ao umekwisha na wapigaji wawili wameshazoea.

Piga hesabu ya siku moja yenye ova 90. Mrushaji wa kasi akipewa zaidi ya ova 20 kwa siku, jioni kasi inashuka na kesho yake mwili unalipa. Watatu wakirusha 18 kila mmoja ni ova 54. Zimebaki 36, asilimia 40 ya siku, na hizo ni za mrushaji wa nne na wa tano. Hapo ndipo West Indies ya miaka ya 1980 iliwaacha wengine mbali. Joel Garner, mwenye wiketi 259 kwa wastani wa 20.97, kwa muda mrefu alikuja baada ya wawili kufungua. Mpigaji aliyevumilia saa ya kwanza alimkuta mtu wa mita mbili na ushee, mpira unatoka juu, unaruka hadi kifuani au unatua vidoleni. Hakukuwa na mahali pa kupumzika. Timu hiyo haikupoteza mfululizo hata mmoja wa Testi kuanzia 1980 hadi Australia ilipoifunga 1995.

Anayetaka kupima hili achukue kumbukumbu za mpira kwa mpira, akate kipande cha ova 30 hadi 80, ahesabu wiketi na mikimbio ya humo tu. Safu nyingi zinazosifiwa zinapoteza sura hapo.

Spini Kushoto

Jamani, hamjataja mpira wenyewe, maana kuna aina tatu. Dukes unatumika England na West Indies, SG unatumika India, Kookaburra unatumika Australia, Afrika Kusini, New Zealand, Pakistan na Sri Lanka. Dukes na SG hushonwa kwa mkono safu zote sita za nyuzi, hivyo mshono unabaki umesimama muda mrefu. Kookaburra hushonwa kwa mkono zile mbili za katikati, nyingine ni mashine, kwa hiyo mshono hulala mapema na mpira huacha kupinda mapema. Ukilinganisha takwimu za nyumbani za England na za nyumbani za Australia bila kukumbuka hili, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Ndiyo maana namba za ugenini zina uzito. Anderson wa England ana wiketi 704, mlima huo, lakini ndani ya Australia wastani wake umezidi 30. Ashwin wa India alichukua 383 kati ya 537 zake nyumbani. Hiyo haiwapunguzii ufundi, ila inakuambia safu ile ikisafiri itahitaji mtu mwingine wa kubeba.

Tahadhari moja: namba za ugenini huwa chache, na namba chache hudanganya. Muralitharan wa Sri Lanka, mwenye wiketi 800 za Testi, alipata 12 tu ndani ya Australia kwa wastani uliozidi 75. Ni Testi tano. Warne naye alichezea India kwa wastani uliozidi 40. Anayetumia vipande hivyo kuwashusha wakubwa wawili wa spini (mipira ya polepole inayogeuka ikidunda) anakosea njia.

Slipi ya Pili

Naongeza kitu ambacho takwimu za warushaji hazionyeshi: mikono ya nyuma. Mrushaji anayepindisha mpira nje ya mti wa pembeni (miti ni ile mitatu anayoilinda mpigaji) anategemea kipa na slipi, wadakaji wanaosimama kando ya kipa. Mark Waugh wa Australia alistaafu na midako 181, na sehemu ya sifa za McGrath na Warne inakaa kwenye mikono yake na ya mwenzake Taylor. Safu ileile mpe slipi wanaoangusha, kila midako miwili inayoponyoka inageuka ushirikiano wa mikimbio 100.

Linganisha na Waqar Younis wa Pakistan. Zaidi ya nusu ya wiketi zake 373 ni miti iliyoangushwa au mguu mbele ya wiketi (mguu umezuia mpira uliokuwa unaenda kwenye miti). Yoka yake, mpira unaotua miguuni pa mpigaji, haikuhitaji mdakaji. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha safu mbili, gawanya wiketi zao kwa namna zilivyopatikana. Inayotegemea midako ipimwe pamoja na wadakaji wake.

Ova ya Sitini

@Slipi ya Pili hoja nzito. Na yoka ya Waqar inatupeleka kwenye kupinda kinyume, maana ndiyo silaha ya hizo ova 30 hadi 80.

Mpira mpya hupinda kuelekea upande mshono ulikoelekezwa. Ukichakaa upande mmoja na ukarushwa kwa kasi, karibu na kilomita 140 kwa saa au zaidi, unageuka na kupinda kuelekea upande unaong'aa. Kazi yake ni ya timu nzima: upande mmoja unang'arishwa kwa jasho (mate yamekatazwa tangu 2020), upande wa pili unabaki mkavu kabisa. Mchezaji mmoja mwenye kiganja chenye jasho akishika upande mkavu, kazi ya saa nzima imeharibika. Kwa hiyo timu nyingi huteua mtu mmoja wa kutunza mpira, wengine wanaushika kwa ncha za vidole. Pakistan ya Imran, Wasim na Waqar iliweza hata kwenye pichi (ukanda wa katikati unaodundia mpira) zilizokufa, ndiyo maana mimi naipa daraja la juu kuliko wengi wanavyoipa.

Mshono Wima (mwenye mada)

Hapo kwenye Pakistan tunatofautiana kidogo. Nyasi zikiwa nyingi na uwanja ukiwa laini, mpira hauchakai haraka na silaha hiyo inachelewa. Lakini nakubali kwamba hakuna safu nyingine ya wakati ule iliyokuwa hatari hivyo mpira ukiwa na ova 50.

Na zama je? 1991 baunsa (mipira inayoruka hadi kifuani au kichwani) zilibanwa ziwe moja kwa kila mpigaji kwa ova, 1994 zikawa mbili kwa ova. Mapitio ya maamuzi kwa video yalipoingia rasmi 2009, warushaji wa spini walianza kupata wiketi za mguu ambazo zamani mpigaji alijiokoa kwa kusogeza pedi mbele. Njia ninayoamini ni hii: usimlinganishe mrushaji na wa zama nyingine moja kwa moja. Mlinganishe na warushaji wengine wote wa mechi zilezile alizocheza. Kama wao walitoa mikimbio 32 kwa wiketi naye 24, huyo kazidi kwa robo. Kama wao walitoa 25 naye 24, sifa nyingi ni za pichi.

Benchi Refu

Mfululizo wa mechi tano hauchezwi na warushaji wanne. 2005 England, McGrath alikanyaga mpira asubuhi ya mechi ya Edgbaston akaumia kifundo. Australia ikafungwa kwa mikimbio 2. Alikosa pia Trent Bridge, wakafungwa tena. Mechi alizocheza hawakupoteza. Sasa angalia India pale Gabba, Australia, Januari 2021: Bumrah, Ashwin, Jadeja na Shami wote nje. Waliorusha ni Siraj, Thakur, Saini, na Natarajan na Sundar waliokuwa wanacheza Testi yao ya kwanza. Wakachukua wiketi zote 20 na India ikashinda kwa wiketi 3, uwanja ambao Australia haikuwa imefungwa tangu 1988.

Kipimo changu ni rahisi: toa jina la kwanza kwenye safu, weka la kwanza la benchi, kisha rudia hesabu ya mwenye mada. Wastani ukipanda kwa mikimbio miwili au mitatu kwa wiketi, safu ni imara. Ukipanda saba au nane, ulichokuwa nacho ni mtu mmoja na wasaidizi.

Spini Kushoto

Benchi pia liwe la aina. Multan, Oktoba 2024, Pakistan ilitoka kufungwa na England, ikabadilisha kikosi na kurudia pichi ileile iliyokwisha tumika. Sajid Khan na Noman Ali, mmoja kulia mmoja kushoto, wakachukua wiketi zote 20. Wangebaki na warushaji wa kasi wa mechi ya kwanza, pichi ile kavu isingewafaa kitu. Kwa hiyo @Benchi Refu, ukitoa jina la kwanza fanya mara mbili: mara moja kwa pichi ya nyasi, mara moja kwa pichi kavu.