Stesheni ya Alnwick: mji mdogo, jumba kubwa, na treni hakuna

NesiWaKaskazini
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Alnwick, kaskazini kabisa mwa Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kuna duka la vitabu vya mitumba hapa, Barter Books, ndani ya jengo refu la mawe. Ukiinua macho unaona treni ya kuchezea ikizunguka juu ya makabati. Bibi ninayemhudumia anasema zamani ilikuwa stesheni, na ujanani alikuwa akipandia treni pale. Leo mimi nikitaka treni lazima nipande basi hadi Alnmouth. Mji wenyewe una watu kama 8,000 tu. Sasa nani alijenga stesheni kubwa hivyo, na ilikufaje?

MpigaFilimbi
Karibu dada. Mimi nimekula mshahara wa reli Tabora mpaka nikastaafu, sasa niko kwa mwanangu Gateshead. Wajukuu wakienda Alnwick hutafuta vitabu, mimi natazama paa.

Reli kuu ya kwenda Uskoti ilipitishwa upande wa pwani mwaka 1847, Alnwick ukaachwa kando kwa maili kama tatu. Mji wenye kasri la Duke wa Northumberland! Tawi fupi la kutoka Alnmouth likafunguliwa 1850. Jumba unaloliona lilikuja baadaye, 1887, kazi ya William Bell, msanifu wa kampuni ya North Eastern Railway. Mwaka huohuo kampuni ilifungua reli nyingine kutoka hapo kwenda Cornhill, mpakani na Uskoti, kwa hiyo Alnwick haukuwa tena mwisho wa njia. Halafu kulikuwa na wageni wa kasri. Mwaka 1906 Mfalme Edward VII alifikia kwa Duke alipokuja kufungua daraja jipya la reli pale Newcastle. Mgeni wa namna hiyo humshushi kwenye kibanda cha mabati.

Ila reli ya Cornhill, kwa maoni yangu, ilikuwa ndoto ya wakubwa. Milima mingi, vijiji vichache. Mabasi yalipoingia, abiria wakahama, na treni zao zikasimamishwa 1930. Mizigo ikaendelea hadi mafuriko ya Agosti 1948 yalipoikata njia kati ya Ilderton na Wooler. Kuunganisha tena kukaonekana hasara, vipande viwili vikabaki kila kimoja kivyake. Hapo jumba la Bell lilikuwa limeshakuwa koti la baba alilovaa mtoto.

Kijana_Leeds
Mzee shikamoo. Mbona hujamtaja Dk. Beeching, yule mkuu wa shirika la reli la Uingereza? Si ndiye aliyependekeza 1963 stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe?
Halafu dada, humo dukani ndimo lilimopatikana mwaka 2000 lile bango jekundu lenye taji, linalowaambia watu watulie waendelee na shughuli zao. Lilichapwa 1939 kwa ajili ya vita, likawa limekunjwa ndani ya sanduku la vitabu vya mnada.

MpigaFilimbi
Marahaba mwanangu. Beeching hubebeshwa kila maiti ya reli nchi hii. Tawi la Alnwick lilikuwa na ugonjwa wake: unapanda treni, dakika chache unateremka Alnmouth, unangoja nyingine. Basi linakuchukua mjini na kukushusha Newcastle bila kubadilisha. Injini za mvuke zilidumu hapo hadi 1966, zikaja za dizeli, na Januari 1968 abiria wakafungiwa. Mizigo ikaisha mwaka huohuo. Kisha barabara ya A1 ikachepushwa nje ya mji, ikapita juu ya ilipokuwa njia ya treni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Stesheni iliyofungwa unaweza kuifungua, lakini ukishaweka barabara kuu juu ya tuta, atakayelipia daraja ni nani?
Duka lilianza 1991. Mary Manley aliweka vitabu chumba cha mbele, mumewe Stuart akiwa na kiwanda chake humohumo.

NesiWaKaskazini
Asante sana mzee. Na ile treni ya wapenzi wa reli, je? Bibi anataka nimpeleke.

MpigaFilimbi
Hiyo ni Aln Valley Railway. Haifiki kwenye jumba, kwa sababu ya hiyohiyo A1. Inaanzia Lionheart, ukingoni mwa mji, inaelekea upande wa Alnmouth na kuishia Greenrigg. Haitembei kila siku, kwa hiyo tazama ratiba yao. Kama bibi anatumia kiti cha magurudumu, wapigie simu kwanza.