Ushauri: Kipokezi changu cha GPS hakipatani na ramani ya karatasi

Mwanamilima: Hamjambo wanajukwaa. Jumamosi nitaongoza wanafunzi wangu kumi na wanane katika vilima vya Ngong. Nimenunua kipokezi cha GPS cha mkononi kilichokwisha kutumika, na nimeingiza kwa mkono koordineti (namba zinazotaja mahali) za vituo saba nilizosoma kwenye ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000. Kituo cha kwanza ni makutano ya barabara karibu na nyumbani, Dagoretti. Jana nilisimama papo hapo makutanoni, mbingu nyeupe, kifaa kikionyesha usahihi wa mita 4, lakini kikadai nimebakiza zaidi ya mita 300 kwenda kaskazini. Je, kimeharibika?

Mpimaji wa Zamani: Mwalimu, kifaa chako ni kizima. Ramani hizo zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960, ya zamani ya Afrika Mashariki, ilhali vipokezi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa WGS 84, datumu ya dunia nzima. Datumu ni makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali pa kuanzia kupima, kwa hiyo namba zilezile zikisomwa kwa datumu mbili hutaja mahali pawili. Hapa Nairobi utapelekwa takribani mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi ya mahali penyewe. Ngong kuna kingo zenye mteremko mkali, na ukungu ukishuka mita 300 si jambo dogo. Ingia kwenye mipangilio, chagua UTM (mfumo unaotaja mahali kwa mita za kuelekea mashariki na kaskazini) kuwa muundo wa koordineti, kisha uweke datumu ya Arc 1960.

Mama Njia: Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Ukibadilisha datumu sasa, vile vituo saba havitajirekebisha, kwa sababu kifaa kilikwisha kuvihifadhi mahali pasipo sahihi na kitabadilisha tu namba kinazokuonyesha. Vifute vyote, uviingize upya. Angalia pia herufi ya UTM: kwetu huandikwa 37 M, yaani namba ya kanda na herufi yake. Ukiweka S ukidhani ni ya kusini, utajikuta kaskazini ya mbali, kwa maana hiyo ni herufi ya ukanda wa latitudo. Namba ya kaskazini ya Ngong huanza na 98, kwani kusini mwa ikweta huhesabiwa kushuka kutoka mita 10,000,000.

Mpimaji wa Zamani: Kweli kabisa, dada. Na Mwalimu, ukilazimika kuwapigia simu waokoaji, wasomee namba za WGS 84, kwa kuwa ndiyo datumu inayotumiwa na ramani za simu.

Mwanamilima: Ahsanteni sana, wakubwa wangu. Nimefuta vituo vyote, nimeweka Arc 1960, nimeviingiza upya huku mke wangu akinisomea namba mojamoja. Jioni hii nimerudi makutanoni, na kifaa kimeonyesha nimebakiza mita 11 tu kufika kituoni. Namba za WGS 84 za kila kituo nimeziandika kwa penseli pembeni mwa ramani, na mwalimu mwenzangu atabeba nakala.