CNC ya kukatia mbao, nianze na ipi?

FundiKabati: Wakuu habari za humu. Nina karakana ndogo Keko, kazi zetu ni makabati ya jikoni ya MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na milango ya mninga, na wateja siku hizi wanataka nakshi, kwa patasi inakula muda sana. Nataka CNC ruta, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, kuna saizi ya 6090 bei yake naiweza na kuna 1325 ambayo inabidi nikope. Jamaa mwingine ananiambia chukua leza tu yatosha. Umeme nina singo fezi. Naombeni ushauri.

mbao_ngumu: Mkuu leza achana nayo kwa kazi hizo. Leza ya CO2 ni ya akriliki na plaiwudi nyembamba, ukiipelekea MDF ya mm 18 kingo zinatoka nyeusi zimeungua. Meza sasa: bodi ya MDF ni mm 1220 kwa 2440, 1325 inaibeba nzima maana ni 1300 kwa 2500. 6090 ni sm 60 kwa 90, mlango una mita mbili, utausogeza na kuupanga upya kila saa na nakshi zikipishana hata kidogo tu mteja anaona.

Dada_Randa: Naongezea, usiangalie meza tu angalia na umeme. Spindo (mota inayozungusha kisu) ya kW 3 inakubali singo fezi kupitia inveta yake, kile kifaa cha kuiendesha, ila pampu za vakyumu, zinazofyonza hewa kushikilia bodi mezani, nyingi ni kW 5.5 kwenda juu na hizo zinataka fezi tatu. Kama huna, chukua meza ya mifereji ubane kwa klempu, kazi inaenda vizuri tu. Halafu jamani vumbi!! La MDF ni laini kama unga, linaingia kwenye reli na kwenye mapafu ya vijana wako, hela ya mashine ya kuvuta vumbi iwe ndani ya bajeti hiyohiyo, sio mpaka baadaye.

FundiKabati: Asanteni sana. Na makabati yote nikatie humo humo?

mbao_ngumu: Hapana, vipande vilivyonyooka msumeno wa meza unaviwahi. CNC ipe nakshi na matobo ya bawaba ya mm 35. Na kabla hujalipa mwambie muuzaji akukatie mraba wa mita moja mbele yako, pima kona kwa kona pande zote mbili, kila moja ije mm 1414, zikitofautiana ujue daraja la mashine (fremu inayobeba spindo) halijakaa sawa, usitoe hela.