Mrejesho: lile gego lililouma nikiachia kutafuna

Wakuu, nimerudi. Ni yule wa Ngamiani, Tanga, niliyeuliza juu ya gego la chini linalonichoma kama sindano tangu niume jiwe kwenye wali, na eksirei haionyeshi kitu.

Asante sana uliyesema nisikubali kung'oa haraka, maana ufa mwembamba mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Nikaenda kwa daktari mwingine wa meno. Akaning'atisha kijiti, ncha moja ya jino baada ya nyingine. Ya tatu, nilipoachia tu, nikaruka kwenye kiti. Akamulika taa kwa pembeni, mwanga ukaishia kwenye kimstari. Ufa huo hapo!

Haukuwa umefika kwenye mzizi, kwa hiyo kalivika jino kofia, wenyewe wanaita krauni. Ile karafuu aliyonishauri dada mmoja hapa ilituliza maumivu usiku mmoja, kisha ikaniunguza fizi (nilizidisha mwenyewe).

Sasa natafuna upande ule, ingawa kashata bado naiogopa. Maji ya baridi yangali yananishtua. Daktari kaonya kwamba kiini (ile nyama ya ndani ya jino yenye neva) kikifa itabidi kutibu mzizi. Wiki ya 3 hii, nasubiri.