Aspirini, themosi, zipu... kumbe yalikuwa majina ya kampuni?

Mdadisi: Wakuu nisaidieni, nasikia eti aspirini na themosi zilikuwa brandi za watu kabisa, sasa ilikuwaje zikawa maneno ya kawaida? Na mwenye jina si anafurahi kutajwa bure kila siku?

Kalamu2: Afurahi wapi, ndo kitu wanachoogopa. Aspirin ni jina la Bayer, kampuni ya dawa ya Ujerumani, tangu 1899, ila 1921 mahakama ya Marekani ikaona wanunuzi wa kawaida wanalichukulia kama jina la dawa yenyewe, basi likawa la wote. Ukienda Canada bado ni mali ya Bayer mpaka leo lol. Thermos nao yakawakuta hukohuko Marekani 1963, na hao walijitakia maana matangazo yao wenyewe ya zamani ndo yaliwazoesha watu kuita chupa yoyote ya chai thermos

fundi_cherehani: Zipu mmeisahau. Kifaa kilikuwepo kabla, ila jina Zipper lilikuwa la mabuti ya mpira ya kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani, 1923. Watu wakaacha buti wakachukua jina wakakipa kile kifungio

Mdadisi: Duh. Sasa Google si wamekwisha, kila mtu "nime-google"

Kalamu2: Walishtakiwa kwa hoja hiyohiyo wakashinda, 2017 kwenye rufaa Marekani. Kulifanya kitenzi peke yake hakutoshi, mpaka ithibitike watu wanaita injini yoyote ya kutafutia google

fundi_cherehani: Velcro, wale wa vifungio vya kunata vya kwenye viatu na mabegi, wao waliamua kutoa kabisa video ya wimbo kuwaomba watu waache kuita kila kifungio cha hivyo velcro, mi bado naita velcro tu