Tupeane uzoefu: uji wa mtoto wa miezi 6 hadi 12 mnaupikaje?

Mama Mapacha: Mtoto wa miezi 8 anakunywa uji kutwa, uzito umesimama. Mara nyingi uji ni maji matupu: tumbo linajaa, nguvu hakuna. Inamisha kijiko, ukimwagika kama chai ni mwepesi mno. Nyie mnapikaje?

Ulezi Mwekundu: Kimea. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku 2 au 3 uchipue, anika, saga. Pika uji mzito, epua, upoe hadi uweze kuuonja, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga. Unalegea hapo hapo bila kuongeza maji. Kisha urudishe motoni uchemke kidogo. Ukitia kimea uji ukitokota, joto linaua kimeng'enya, yaani kile kitu kwenye kimea kinachovunja wanga, na uji haulegei.

Bi Tatu: Kimea nakiunga mkono.

Unga Saba: Nafaka saba zinamaliza yote: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga.

Nesi wa Zamu: Soya na karanga si nafaka, dada. Hizo tano zingine zote ni wanga, moja yatosha. Na soya ikisagwa mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Ichemshe nusu saa, menya, anika, kaanga, ndipo usage.

Unga Saba: Mbona dukani zinauzwa zimechanganywa?

Kongwa: Mnabishana idadi, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa mazao, hamuizungumzii! Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20, kwa mahindi yaliyoota ukungu. Macho ya njano, kutapika, tumbo kuvimba. Kuchemsha hakuiondoi. Mahindi na karanga chambua punje moja moja: iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadili rangi, tupa, hata kuku usimpe. Anika kwenye turubai, si udongoni. Unga saga kidogo kidogo, na karanga zikae kando, uzitie siku ya kupika.

Bi Tatu: Ee Mungu. Basi karanga tuache?

Kongwa: Chambua tu.

Mama Mapacha: Mimi naona heri kuacha, dagaa wapo.

Dagaa Mwanza: Hapo sawa! Akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inapungua sana kufikia miezi 6, na uji mtupu hauirudishi. Dagaa toa vichwa, osha mchanga uishe, kausha kwa moto mdogo, saga, tia kijiko cha chai kwenye uji. Au ini la kuku, kipande kama kidole gumba, chemsha, ponda, mara moja au mbili kwa wiki. Chai ya rangi asipewe, inazuia chuma.

Unga Saba: Na asali ya kuongeza ladha?

Nesi wa Zamu: Asali hapana hadi atimize mwaka, ina vijidudu vinavyolegeza misuli hadi pumzi. Ponda ndizi mbivu. Uji anza vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, miezi 8 afike nusu kikombe cha ml 250. Miezi 9 ponda kwa uma, blenda weka kando, apate milo 3 au 4, na aendelee kunyonya.

Bi Tatu: Wangu anakataa kijiko, anataka chupa.

Ulezi Mwekundu: Uji wa chupa lazima uwe mwepesi ndipo upite kwenye chuchu. Mpe kikombe kidogo kisicho na mfuniko, mkalishe wima, usimlazimishe.